Maua meupe, petali nne

Nimepotea kijiweni kwa muda mrefu, najua. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au baridi ya Ohio imenigandisha vidole. Niko hai. Baridi imekwisha, theluji imeyeyuka, na leo sitaandika siasa. Leo nataka kuandika habari za majani.

Msikimbie kwanza. Nitafika kwenye jambo lenyewe, na jambo lenyewe linanihusu mimi, taaluma yangu ya uandishi wa habari, na kosa ambalo nimelibeba kwa miaka kadhaa bila kumwambia mtu.

Haya, tuanze.

Hapa ninapoishi masomoni ni mji mdogo, na nyuma ya nyumba kuna msitu. Jirani yangu ni mama wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu wa baiolojia. Siku ya kwanza tulipokutana aliniambia nimwite kwa jina lake la kwanza, kama wafanyavyo watu wa huku. Ulimi ukakataa. Mtu ana umri wa bibi yako, utamwitaje jina kavu kavu kama mnacheza gololi pamoja? Tukakubaliana nimwite Mama. Akauliza maana yake, nikamwambia hilo ni jina na pia ni cheo. Akacheka, akasema hajawahi kupewa cheo hicho maana hakujaliwa kupata mtoto. Tangu siku hiyo tumekuwa ndugu.

Sasa, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu lilichelewa mpaka Aprili. Jumamosi moja asubuhi Mama aligonga mlango akiwa amevaa buti za mpira, akanipa glavu na mfuko mkubwa wa taka. Akasema yeye na wazee wenzake kila mwaka wakati kama huu huingia msituni kung'oa magugu, na mwaka huu magoti yao yamechoka. Wanahitaji kijana.

Gugu lenyewe kitaalamu linaitwa Alliaria petiolata. Wenyeji wanaliita garlic mustard, yaani haradali ya kitunguu saumu, kwa sababu ukilifikicha mkononi linanuka kitunguu saumu hasa. Asili yake ni Ulaya na sehemu za Asia. Huko Ulaya ni chakula cha tangu na tangu. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamekuta mabaki yake ndani ya vyungu vya kupikia vya zaidi ya miaka 6,000, vilivyofukuliwa Denmark na Ujerumani. Watu waliokuwa wakipika nyama na samaki walitia majani hayo kama kiungo. Waingereza nao wana jina jingine zuri wanalolitumia, Jack-by-the-hedge, ni kama kusema "Juma wa kwenye uzio". Yaani ni jirani, unamkuta hapo hapo kila siku.

Lakini huku Marekani Juma si jirani tena. Rekodi ya kwanza ya mmea huu katika nchi hii ni ya mwaka 1868, Long Island, New York. Inaaminika kwamba wahamiaji waliuleta kwa ajili ya chakula na dawa. Kutoka hapo ukasambaa, mpaka sasa umejaa kwenye misitu ya mashariki na katikati ya nchi. Mwaka wa kwanza unajilaza chini, mwaka wa pili unarefuka, unatoa maua na mbegu kwa mamia, kisha unakufa. Mbegu zinaweza kulala ardhini miaka kadhaa zikisubiri zamu yao. Halafu mizizi yake hutoa kemikali zinazodhuru kuvu wa ardhini ambao miti na mimea mingine inawategemea kupata chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba hata miche ya miti ya msituni inadumaa kwa sababu hiyo.

Kwenye kibao mlangoni mwa msitu mmea huu umeandikwa kuwa ni mvamizi, na chini yake limewekwa neno lile lile ambalo fomu yangu ya kodi ya Marekani inalitumia kuniita mimi. Nilimwonyesha Mama. Alikisoma kibao mara mbili, akavuta pumzi, akasema, "Hilo neno halikuandikwa na mimi." Tukaingia.

Maelekezo niliyopewa yalikuwa mafupi: maua madogo meupe, petali nne zimekaa kama msalaba, shika chini kabisa, ng'oa na mzizi, tia mfukoni usiliache chini maana hata likishang'olewa linaweza kukomaza mbegu. Basi. Kijana wa Kitanzania aliyekulia jembe la likizo za shule, ningeshindwaje? Nikainama, nikaanza kazi. Kwa nusu saa nilikuwa mashine.

Ndipo nikasikia Mama akiita jina langu polepole. Hakupiga kelele. Alikuja akapiga magoti mbele ya mfuko wangu, akatoa mashada matatu ya niliyokuwa nimeyang'oa. Maua meupe, petali nne. Akayaweka kwenye kiganja kama mtu aliyeokota kifaranga.

"Hawa walikuwa hapa kabla yetu sote," akasema.

Nilikuwa nimeng'oa mwenyeji nikidhani ni mgeni.

Mmea ule unaitwa toothwort. Tooth ni jino, na wort ni neno la Kiingereza cha zamani kwa mmea wenye matumizi, hasa wa dawa. Akafuta udongo kwenye mizizi nikaona sababu. Chini ya ardhi una kijishina kinachotambaa, kama tangawizi changa, cheupe, kimegawanyika vipande vipande vyenye ncha, na kila kipande ni kama jino la mbwa. Zamani huko Ulaya waliamini kwamba Mungu ameweka alama kwenye kila mmea kuonyesha unatibu nini, kwa hiyo mmea wenye mizizi kama meno ukawa dawa ya jino. Jina likatoka hapo.

Majani yake sasa ukiyatazama vizuri hayafanani kabisa na ya garlic mustard. Lile gugu lina jani la duara au la umbo la moyo lenye ukingo wa msumeno. Huyu ana majani matatu yaliyozunguka shina, kila moja limechanika chanika kama limepitiwa na mkasi. Hata mtoto angeona tofauti. Lakini mimi nilikuwa naangalia maua tu, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa maua.

Na kuna jambo ambalo lilinitia haya zaidi. Mmea huu haukai juu ya ardhi muda mrefu. Hutoka mwishoni mwa Machi au Aprili, wakati miti bado haijaota majani na jua linafika chini. Unachanua haraka, unatoa mbegu, na ikifika Juni miti imeshafunga kivuli, mmea umenyauka na umerudi chini kulala mpaka mwaka unaofuata. Wiki chache tu kwa mwaka. Mimi nilikuja msituni siku moja, na katika siku hiyo moja nikaudhuru.

Mama akaniambia habari za kipepeo. Kuna kipepeo mweupe wa misitu hii, anaitwa West Virginia white, ambaye viwavi wake hula mimea ya toothwort. Jike anatafuta pa kutagia mayai kwa kunusa na kuonja. Toothwort na garlic mustard wote ni wa ukoo wa haradali, na kemikali zao zinafanana kiasi cha kumchanganya. Anataga kwenye garlic mustard. Viwavi wakianguliwa wanakula, na wanakufa.

"Kwa hiyo usijilaumu sana," akasema. "Kipepeo mwenyewe hukosea."

Akavunja kipande cha lile jino, akakisugua kwenye shati, akanipa nitafune. Ni kikali. Kinapanda puani kama haradali, halafu kinaacha utamu kidogo nyuma. Wenyeji wengine wanaliita pepper root, mzizi wa pilipili, na ndugu yake mwenye majani mawili anaitwa crinkleroot. Wazungu si wa kwanza kuufahamu. Watu wa taifa la Cherokee walitumia mzizi wa huyo mwenye majani mawili kwa kichwa kinachouma na kwa mafua, na Wairokwoi waliula kwa chumvi. Hata jina Ohio lenyewe limetoka kwenye lugha ya Waseneca, taifa mojawapo la Wairokwoi, likiwa na maana ya mto mzuri. Wawyandot, taifa la mwisho la wenyeji kuondolewa kwa nguvu katika jimbo hili, waliondoka mwaka 1843. Jina la mto lilibaki.

Nilitafuna kile kipande, na ghafla nikawa Lushoto.

Sijui kama imewahi kukutokea. Ladha inakushika shingoni inakurudisha mahali. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, nimefuatana na bibi yangu kwenda kutafuta kuni kandokando ya msitu wa Magamba. Kulikuwa na ukungu. Pembeni mwa kijito bibi aliinama akachuma mmea mdogo, wenye vijani vitatu vitatu na vijiua vyeupe ambavyo usingeviona bila kuonyeshwa. Akanipa nitafune jani. Likaniwasha ulimi nikatema, akacheka mpaka akashika mti. Kisha akanitajia jina lake kwa Kisambaa. Akanirudisha nilitamke. Nikalitamka.

Silikumbuki.

Hapa ndipo penye kosa langu.

Mwaka 2019 nilikuwa ripota mpya kwenye gazeti moja Dar es Salaam. Nilipata wazo la makala kuhusu mboga za asili, nikapanda basi mpaka Lushoto nikamhoji bibi. Alikaa kwenye kigoda chake nje ya jiko, nikaweka simu inarekodi. Alitaja mboga kumi na moja. Kila moja kwa jina lake la Kisambaa, inaota wapi, inachumwa lini, inapikwa na nini, ipi ukipewa mzazi na ipi usimpe. Ule mmea wa kijitoni ulikuwemo. Alizungumza saa nzima na dakika kadhaa. Mwishoni akasema, "Sasa umeandika?" Nikamwambia nimeandika, bibi, yote yamo humu kwenye simu.

Makala ilipofika mezani ilikuwa ndefu. Mhariri akasema majina ya kilugha hayatamsaidia msomaji, nafasi ni ndogo, na kuna tangazo linaingia. Sikubisha. Nilikuwa mgeni kazini, na nilitaka nionekane mwepesi. Kwenye gazeti ikatoka sentensi moja: "Wakazi wa eneo hilo hutumia mboga mbalimbali za porini." Wiki ile ile niliitwa kwenye mkutano wa waandishi wa habari, simu ikanigomea kwamba imejaa. Nikafuta mafaili makubwa makubwa ili nipate nafasi. Mkutano wenyewe leo hata sikumbuki ulihusu nini.

Bibi hakujua kusoma. Binamu yangu alimsomea gazeti lote, kuanzia kichwa cha habari. Nilipompigia simu kwa furaha, bibi akanishukuru, akaniombea dua, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Lakini mjukuu wangu, mbona umesema mbalimbali? Mimi nilikutajia zote."

Nikamwambia nitaandika nyingine, ndefu zaidi. Bibi alifariki mwaka 2022.

Katika zile mboga kumi na moja ninazokumbuka ni tatu: mchicha, mnavu na mgagani. Na hizo nazikumbuka kwa Kiswahili, kwa sababu hata sokoni Kariakoo utazikuta. Nane zimekwenda.

Jioni ile baada ya msituni sikulala. Nikaanza kusoma. Nikagundua kwamba toothwort zamani vitabu viliuweka kwenye jenasi ya Dentaria, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya jino. Mfaransa André Michaux ndiye aliyempa huyu wetu wa Ohio jina la concatenata, yaani uliofungwa kama mnyororo, katika kitabu chake cha mimea ya Amerika ya Kaskazini kilichochapishwa Paris mwaka 1803. Michaux huyo huyo alifia Madagaska, jirani zetu, akiwa bado anafuatilia mimea. Baadaye wataalamu wakaona kwamba tofauti ya meno haitoshi kuwa ukoo wa peke yake, wakaiunganisha na jenasi kubwa ya Cardamine. Kwa hiyo leo anaitwa Cardamine concatenata. Meno ameachiwa jina la mtaani tu.

Nikaendelea. Cardamine ina ndugu dunia nzima. Na mmoja wao anaitwa Cardamine africana. Unaota kwenye misitu yenye unyevu ya milima ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro ikiwemo, kwenye kivuli na kando ya vijito. Maua madogo meupe. Majani matatu matatu. Jina hilo alilipa Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1753, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika.

Siwezi kuapa kwamba ndiyo ule mmea wa bibi. Nilikuwa mtoto, na ushahidi wangu ni ladha. Lakini niliangalia picha yake muda mrefu sana. Fikiria jambo hili: mtu aliyekaa Uppsala alitoa jina karibu miaka 270 iliyopita, na mimi nalipata kwa dakika mbili nikiwa kitandani. Bibi yangu alinitajia jina uso kwa uso, mara mbili, na sinalo. Linnaeus hakuupenda mmea ule kuliko bibi. Tofauti ni kwamba yake iliandikwa, na ya bibi aliyepewa kazi ya kuiandika alikuwa mimi.

Tunapenda kusema wakoloni walifuta majina yetu. Ni kweli, na nimeandika hivyo hapa hapa kijiweni mara nyingi. Lakini kwenye kesi hii hakuna mkoloni. Kuna mjukuu, mwenye shahada, mwenye simu nzuri, aliyekuwa na haraka.

Msidhani majina haya ni mapambo. Chukueni mgagani, ambao si ukoo wa haradali lakini ni wa familia ya jirani kabisa. Waluo wanauita dek, Wakisii chinsaga, Wakalenjini saget, Wanyarwanda isogi. Kila jina lina watu nyuma yake wanaojua namna ya kuutoa uchungu, wengine kwa maziwa, wengine kwa kuuchemsha mara mbili. Au chukueni ukoo wenyewe wa haradali ulivyojaa jikoni kwetu: kabichi, figiri, chainizi, loshuu kule Arusha, na sukuma wiki, ambayo jina lake tu linakwambia hali ya mfuko wa mpishi ikifika Alhamisi. Jina likipotea, mmea unabaki umesimama pale pale, lakini unakuwa majani tu. Na majani tu hung'olewa na kijana yeyote mwenye glavu.

Jumapili nilimpigia shangazi simu Lushoto. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, mvua je. Nikamweleza mmea. Vijani vitatu, kando ya kijito, ukitafuna unawasha. Akasema anaujua! Moyo ukaruka. Nikamwuliza, unaitwaje? Kimya. Nikamsikia anauliza mtu pembeni. Kisha akarudi.

"Unajua, sisi watoto tulikuwa tunaita mboga ya mama. Maana ni yeye tu aliyekuwa akiichuma. Jina lake lenyewe… subiri kwanza. Hapana. Mboga ya mama."

Tukanyamaza wote wawili, na salio likawa linakwenda.

Halafu shangazi akasema yuko bibi mmoja wa kijiji cha juu, rika la marehemu, walikuwa wakienda kuni pamoja. Anasikia kwa taabu lakini kumbukumbu anazo. Jumamosi binamu yangu atampeleka shangazi kwa pikipiki, watapita kijitoni wachume tawi moja, wampelekee alishike mkononi, na binamu atarekodi. Nimemwambia binamu afute muziki wote, afute na video za mpira, simu iwe tupu. Nimemwambia amwulize na zile nyingine saba. Amwache aongee mpaka achoke mwenyewe.

Na Mama jirani? Yale mashada matatu tuliyarudisha ardhini siku ile ile. Anasema vipande vya jino vikibaki udongoni vinaweza kuota tena, ila tutajua Aprili ijayo. Kila nikipita pale naangalia, ingawa najua kwa sasa hakuna cha kuona.

Jumamosi nitakaa na simu karibu. Jina likipatikana, nitaliandika hapa, peke yake, kwa herufi kubwa.